Kuutafuta Muziki wa Majaribio, wa Ambienti na wa Mataifa Usiosikika Sana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Muziki huu huitwa "usiojulikana". Haujulikani na nani?

Mtafutaji anapaswa kuanza na swali hilo, kwa sababu jibu lake hubadilisha namna ya kutafuta. Hailu Mergia alikuwa mpiga kinanda wa Walias Band, bendi iliyokuwa na jina kubwa mjini Addis Ababa katika miaka ya 1970. Mwaka 1985, akiwa tayari anaishi Marekani, alirekodi peke yake kaseti ya kodiani na sintesaiza, nayo ikauzwa Ethiopia kama kaseti nyingine yoyote. Baadaye akawa dereva wa teksi mjini Washington. Mwaka 2013 Brian Shimkovitz, mwenye lebo ya Awesome Tapes From Africa, aliikuta kaseti hiyo mjini Bahir Dar, akamtafuta mwenyewe, na rekodi ikatolewa upya. Mergia akarudi jukwaani.

Ni rahisi kusema kwamba muziki huo "uligunduliwa", lakini kaseti ilikuwa dukani, wanunuzi wake walikuwa hai, na mwanamuziki alikuwa akipokea simu. Kilichokosekana ni njia ya kutoka kwao hadi kwa wengine. Ndiyo maana kurasa hizi zinaelekeza zaidi kwenye watu, lebo na maandishi ya majalada, na kwa kiasi kidogo tu kwenye mashine za kupendekeza nyimbo.

Muziki wa ambienti unatofautianaje na muziki wa majaribio?

Jina la ambienti lilienea baada ya mwanamuziki wa Uingereza Brian Eno kulitumia kwenye rekodi aliyoitoa mwaka 1978, iliyokusudiwa kupigwa katika viwanja vya ndege. Wazo lake ni kwamba muziki uweze kukaa chumbani kama mwanga unavyokaa, ukimruhusu mtu kuusikiliza kwa makini au kuendelea na shughuli zake, bila kupoteza thamani katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Eno hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Mtunzi wa Ufaransa Erik Satie alizungumzia "muziki wa samani" huko Paris mwaka 1917, na mwaka 1920 wahudhuriaji walipoombwa wasiusikilize inasemekana walinyamaza na kusikiliza, jambo lililomkera.

Muziki wa majaribio hauna sauti yake maalumu, una tabia. Mtunzi huweka utaratibu fulani, kisha huacha utaratibu huo utoe matokeo ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyatabiri yote. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kazi ya mtunzi wa Marekani Alvin Lucier ya mwaka 1969, ambamo aliirekodi sauti yake akizungumza chumbani, akaicheza rekodi hiyo katika chumba kilekile huku akiirekodi tena, na kurudia hivyo mara nyingi. Kila mzunguko, chumba huongeza nguvu ya masafa ya sauti yanayolingana na ukubwa na umbo lake na kudhoofisha mengine, hadi maneno yanayeyuka na kubaki mvumo unaofanana na kengele. Hakuna ala iliyopigwa. Chumba chenyewe ndicho kilichoimba.

Rekodi nyingi huangukia pande zote mbili, na mabishano kuhusu mpaka wake hayamsaidii msikilizaji.

Je, ni kweli kwamba muziki wa majaribio ulianzia Ulaya?

Hapana, ingawa vitabu vingi huanza hadithi mwaka 1948, Pierre Schaeffer alipotunga kazi kutokana na sauti za treni katika redio ya Ufaransa. Miaka minne kabla yake, mwaka 1944 mjini Cairo, kijana aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwa waya wa chuma, akaingia nayo katika shughuli ya zaar, yaani ngoma ya wanawake ya kupunga pepo, na baadaye akaichakata rekodi hiyo studioni kwa kutumia vyumba vya mwangwi na kuondoa baadhi ya masafa ya sauti, hadi ikabaki mithili ya kivuli cha uimbaji. Kazi hiyo inasikika leo, na ni fupi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuisoma tu bila kuisikiliza.

Ukishaupokea ukweli huo mmoja, ramani nzima hupanuka. Francis Bebey wa Kamerun, aliyekuwa pia mwandishi, alichanganya sanza, ala ya vijiti vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na mashine za ngoma za kielektroniki katika miaka ya 1970 na 1980. Kundi la Konono Nº1 la Kinshasa lilikuza sauti ya likembe, ala ya jamii ya sanza, kwa maikrofoni zilizotengenezwa kwa sumaku za magari makuukuu, na mkwaruzo uliotokana na vifaa hivyo ukawa sehemu ya muziki wenyewe. Nchini Indonesia, wawili wa Senyawa huambatanisha sauti ya koo na ala ya mianzi iliyobuniwa na mmoja wao. KMRU wa Kenya hutunga kazi ndefu na tulivu kutokana na sauti anazorekodi mitaani na mashambani, na ni yeye pia anayezitoa upya nyimbo za babu yake, mwanamuziki mashuhuri Joseph Kamaru ambaye wanafanana jina. Singeli ya Dar es Salaam, inayovuka mapigo 200 kwa dakika, ilianza kuwafikia wasikilizaji wa muziki wa majaribio nje ya Afrika Mashariki mwaka 2017 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Waliozoea kuicheza mitaani hawakuwa wakiiita majaribio.

Nianzie wapi ikiwa sijui jina lolote?

Anzia kwenye kitu kimoja unachokipenda tayari, na kiwe kidogo: ala, namna ya kuimba, au hata aina ya mwangwi. Anayesema "napenda muziki tulivu" atapewa maelfu ya rekodi zinazofanana. Anayesema "napenda piano inayopigwa kama mtu anayewaza kwa sauti" ameshika uzi. Uzi huo unaweza kumtoa kwa Satie, ukampeleka kwa Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia aliyefariki Jerusalem mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 99, na kutoka kwake hadi kwa Hiroshi Yoshimura wa Japani, ambaye rekodi yake ya kwanza ya mwaka 1982 ilipigwa kwa kinanda cha umeme na vifaa vichache sana.

Hatua ya pili ni kusoma jalada. Angalia nani alirekodi, nani alichanganya sauti, studio ipi, lebo ipi, nani alipiga ala ya tatu ambayo hukuitilia maanani. Hifadhidata ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya muziki wa kielektroniki kabla ya kupokea aina zote, huwezesha kubofya jina la mpiga besi asiyejulikana na kuona kazi zake zote. Katika uzoefu wangu, mpiga ala wa pembeni huongoza mahali pazuri zaidi kuliko mwimbaji aliye mbele, kwa sababu yeye ndiye aliyezunguka katika bendi nyingi.

Hatua ya tatu ni mkusanyo mmoja mzuri wenye kijitabu. Mfululizo wa rekodi za Ethiopia uitwao Éthiopiques, ulioongozwa na Francis Falceto, mkusanyo wa muziki wa mazingira wa Kijapani uliotolewa na Light in the Attic mwaka 2019, na ule wa nyimbo za Kisomali uliotolewa na Ostinato Records mwaka 2017 ni mifano mitatu ambayo maandishi yake yana thamani sawa na muziki. Usisikilize mkusanyo wote siku moja. Chagua nyimbo mbili, kisha ufuate majina yake.

Kwa nini programu za kutiririsha muziki hunirudishia vilevile kila siku?

Kwa sababu nyingi hutegemea kulinganisha tabia za wasikilizaji: waliosikiliza hiki walisikiliza pia kile. Utaratibu huo unahitaji wasikilizaji wengi ili ufanye kazi. Rekodi iliyosikilizwa na watu 40 haina takwimu za kutosha kuunganishwa na nyingine, kwa hiyo haipendekezwi, na kwa kuwa haipendekezwi inaendelea kubaki na wasikilizaji 40. Zaidi ya hayo, muziki wa ambienti hupangwa mara nyingi katika orodha za kulalia na kusomea, ambako kipimo cha mafanikio ni msikilizaji kutokuzima. Kipande kinachomshtua mtu kidogo, hata kwa uzuri, huondolewa.

Hata hivyo haingekuwa haki kuzilaumu algoriti, yaani taratibu hizo za kompyuta, kwa kila jambo. Rekodi ya mpiga ngoma wa Japani Midori Takada ya mwaka 1983, ambayo haikuuza sana ilipotoka, ilisambaa duniani kwa sehemu kubwa kwa sababu YouTube iliendelea kuwapendekezea watu wasioitafuta, na mwaka 2017 ikatolewa upya. Bahati ya namna hiyo ipo, ila huwezi kuipangia ratiba.

Redio bado ina nafasi?

Ina nafasi kubwa, kwa sharti kwamba iwe redio yenye mtu anayechagua. NTS ya London, iliyoanza mwaka 2011, dublab ya Los Angeles, iliyoanza mwaka 1999, na WFMU ya New Jersey huhifadhi vipindi vyao pamoja na orodha za nyimbo zilizopigwa, na orodha hizo ndizo hazina. Mtafute mtangazaji mmoja ambaye kati ya nyimbo zake kumi unazipenda tatu. Ukizipenda zote kumi, hakufundishi chochote kipya.

Radio Garden, mradi uliozaliwa Uholanzi mwaka 2016, huonyesha dunia kama tufe lenye nukta za kijani, kila nukta ikiwa kituo cha redio kinachorusha matangazo wakati huohuo. Vingi hupiga nyimbo zinazovuma tu. Lakini kusikiliza kituo cha mji mdogo saa mbili usiku za huko, lugha usiyoielewa ikipishana na nyimbo ambazo hakuna mtu aliyezichagua kwa ajili ya mgeni, ni elimu ambayo mkusanyo wowote hauwezi kuitoa.

Ni hifadhi zipi zinazopatikana bila malipo?

Maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, inayofupishwa ILAM, ilianzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954 nchini Afrika Kusini na ina rekodi alizozifanya katika nchi nyingi za kusini, kati na mashariki mwa Afrika. Hifadhi ya Alan Lomax, Mmarekani aliyerekodi nyimbo za jadi, iliweka mtandaoni zaidi ya rekodi 17,000 mwaka 2012. Lebo ya Folkways, iliyoanzishwa New York mwaka 1948 na kuchukuliwa na taasisi ya Smithsonian mwaka 1987, huuza muziki wake, lakini vijitabu vya maelezo hupakuliwa bure. Ninashauri kuvisoma hata kabla ya kuamua kununua. Kwa upande wa sanaa za majaribio, UbuWeb imekusanya rekodi na filamu tangu mwaka 1996.

Nimesikia kipande lakini sijui jina lake. Nifanyeje?

Programu za kutambua nyimbo hulinganisha alama za sauti na hifadhi yao, kwa hiyo kisichokuwemo humo hakitambuliki, na mvumo mmoja usiobadilika huzichanganya zaidi. Ikiwa ulikisikia redioni, andika saa na utafute orodha ya kipindi. Ikiwa una jina nusu, kumbuka kwamba jina la Kihabeshi, la Kiarabu au la Kijapani huweza kuandikwa kwa herufi za Kilatini kwa namna mbalimbali. Tafuta kwa kila namna, kisha unakili jina katika mwandiko wake wa asili na ulitafute hivyo. Mara nyingi hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu wenye muziki wao hawakuwahi kuandika kuuhusu kwa herufi za wengine.

Nimejaribu kusikiliza lakini naona muziki huu hauna mpangilio, au hauendi popote. Tatizo ni langu?

Si lazima liwe tatizo. Mara nyingi ni matarajio yaliyokuja na muziki mwingine. Mambo matatu huwakwaza wengi.

La kwanza ni usawazishaji wa sauti za ala. Katika gamelan, kundi la ala za kugongwa la kisiwa cha Bali nchini Indonesia, ala hutengenezwa kwa jozi, moja ikiwa juu kidogo ya mwenzake, ili zikipigwa pamoja sauti itetemeke. Mtetemo huo huitwa ombak, yaani wimbi. Aliyezoea piano anaweza kudhani kwamba fundi alikosea, kumbe fundi angekosea kama sauti zingelingana kabisa. Vivyo hivyo, mkwaruzo wa mbira, ala nyingine ya jamii ya sanza, hutokana na makombe ya konokono au vizibo vya chupa vilivyofungwa kwa makusudi, na rekodi "iliyosafishwa" mkwaruzo huo imeharibiwa.

La pili ni muda. Mtunzi wa Ufaransa Éliane Radigue alitumia sintesaiza moja kwa takriban miaka 30, akitunga kazi ambazo hupita saa nzima na ambamo badiliko huja polepole kiasi kwamba hulioni likitokea. Kuna jaribio rahisi: sikiliza dakika 20 za kwanza, kisha urudi ghafla mwanzo. Utashangaa jinsi ulivyosafirishwa mbali bila kuhisi mwendo. Kwa muziki wa aina hii, kuruka mbele ili kuona "kitu kitatokea lini" ni sawa na kutazama saa ya ukutani ukitaraji kuuona mshale mfupi ukitembea.

La tatu, ambalo hupuuzwa, ni vifaa. Spika ndogo ya simu haitoi besi, na kazi nyingi za ambienti zimejengwa juu ya besi. Msikilizaji anayelalamika kwamba hakuna kitu yuko sahihi kabisa: kwenye spika yake, hakuna. Hedifoni za kawaida zinatosha. Sauti isiwe kubwa. Kama chumba kina kelele kiasi kwamba unalazimika kuipandisha, ahirisha.

Pauline Oliveros, aliyefundisha usikilizaji wa kina kwa miongo mingi, alishuka mwaka 1988 pamoja na wenzake katika tangi la maji lililokuwa tupu, chini ya ardhi katika jimbo la Washington, ambamo sauti ilichukua takriban sekunde 45 kufifia. Mle ndani kila noti uliyoipiga hukungoja. Rekodi ya siku hiyo ni mahali pazuri pa kujifunza kusikia mwisho wa sauti badala ya mwanzo wake. Na ikiwa baada ya majaribio matatu ya siku tofauti kipande bado hakikuambii kitu, kiache bila haya.

Ubora wa faili una umuhimu gani?

Si mkubwa kama wengi wanavyodai. Saa moja ya muziki kwa kiwango cha kbps (kilobiti kwa sekunde) 128 huchukua takriban megabaiti 58, na kwa kbps 320 huchukua 144. Kiwango hicho cha pili kinatosha karibu kwa kila mtu. Pakua faili isiyopoteza data ikiwa unakusudia kuihifadhi au kuihariri.

Kwa nini baadhi ya watu hawalipendi jina la "muziki wa dunia"?

Kwa sababu lilikuwa jina la rafu. Mwaka 1987 wenye lebo kadhaa walikutana katika baa moja mjini London wakitafuta neno ambalo wenye maduka wangelitumia kupanga rekodi zisizoingia penginepo, na likachaguliwa hilo. Lilisaidia mauzo, lakini liliweka qawwali ya Pakistani, rumba ya Kongo na kwaya za Bulgaria katika sanduku moja ambalo sifa yake pekee ni kutokuwa muziki wa mnunuzi. Tuzo za Grammy ziliachana na jina hilo mwaka 2020. Katika kutafuta, jina hilo halina faida: tafuta kwa jina la mtindo, mji, ala au lugha.

Nitajuaje kama rekodi iliyotolewa upya imewalipa wenyewe?

Soma maelezo ya lebo. Lebo inayofanya kazi kwa uaminifu husema ilimpata nani, mkataba ulifanywa na nani, na ikiwa mwanamuziki amefariki, familia ilishirikishwaje. Ukimya si ushahidi wa wizi, ila ni sababu ya kuandika barua na kuuliza. Historia inatoa sababu ya kutosha ya kuwa macho: Solomon Linda alirekodi wimbo wa "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, ukazunguka dunia nzima kwa majina mengine, naye akafariki maskini mwaka 1962, familia yake ilipata mapatano ya haki mwaka 2006.

Suala la wanaosafiri na kinasa sauti ni gumu zaidi. Tracey alirekodi wimbo wa wasichana wa Kikipsigis wa Kenya uitwao "Chemirocha" mwaka 1950, na ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya ILAM kuwarudishia nakala watu wa kijiji chao, baadhi ya waliorekodiwa wakiwa wangali hai. Naona kurudisha huko kulikuwa kwema, na pia kulichelewa mno. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Ukitaka fedha zako zifike, nunua moja kwa moja kutoka kwa mwanamuziki au lebo ndogo, kwa mfano kupitia Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki. Wapo pia wanaojaribu njia mpya kabisa: Senyawa walitoa rekodi yao ya mwaka 2021 kupitia lebo 44 za nchi mbalimbali, kila moja ikitengeneza jalada lake.

Nina kaseti ya zamani ambayo haipo popote mtandaoni. Nifanye nini nayo?

Kwanza usiicheze katika mashine chafu. Safisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, ingoje ikauke, kisha uzungushe kaseti yote mbele na nyuma mara moja ili utepe ulegee. Ikiwa utepe unanata, unatoa ungaunga au unapiga kelele, simama na umtafute fundi. Rekodi upande mzima bila kukatisha, kwa biti 24 ikiwezekana, na usiondoe mvumo wa utepe katika nakala ya kwanza, maana kinachoondolewa hakirudi. Kagua kasi: kaseti hupaswa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, na mashine iliyochoka huenda pole au haraka, jambo ambalo limewafanya waimbaji wengi mtandaoni wawe na sauti ambazo hawakuzaliwa nazo.

Piga picha za jalada, kasha na kila neno lililoandikwa kwa mkono, hata namba ya simu isiyotumika. Mwaka 1988, vita vilipoufikia mji wa Hargeisa, kaskazini mwa Somalia, watu wa redio walificha maelfu ya kanda, nyingine chini ya ardhi, na kanda kama hizo zikifukuliwa, maandishi ya juu ndiyo yanayoweza kusaidia kujua nani anaimba. Mwisho, kabla ya kuipandisha mtandaoni, tafuta aliyeiimba au jamaa zake. Namba ya simu ikiwa haipokelewi, jaribu mtayarishaji. Mtayarishaji akiwa hayupo, jaribu wapiga ala waliotajwa. Nao wakikosekana, uliza katika redio ya mji huo, ambako mara nyingi huwapo mzee mmoja anayemkumbuka kila mtu.